Kuficha kioo cha iPhone huku VoiceOver ikiendelea kusoma
Kwa wasioona wanaotumia iPhone: ukiwa umebanwa kwenye daladala ya Raskazone na unataka kusoma salio lako bila jirani kuchungulia, gonga kioo mara tatu mfululizo kwa vidole vitatu wakati VoiceOver, yaani kipengele cha iPhone kinachokusomea kwa sauti yaliyo kwenye kioo, imewashwa. Kioo kitakuwa cheusi kabisa, lakini simu itaendelea kupokea miguso na kukusomea, kwa kuwa kinachofichwa ni picha tu. Ukirudia, picha hurejea. Ikiwa umewasha pia Zoom, yaani kipengele cha iPhone cha kukuza yaliyo kwenye kioo, miguso mitatu itanyamazisha sauti badala yake, kwa hiyo gonga mara nne. Njia hii haizuii sauti kusikika, na abiria wa Ngamiani wana masikio makali kuliko macho, basi vaa hedifoni.