Medali haimo kwenye DD 214: kurekebisha rekodi ya jeshi la Marekani ukiwa Kigoma

Wapo wana wa Kigoma waliolitumikia jeshi la Marekani. Baadhi walikulia kwenye kambi za wakimbizi za Kasulu na Kibondo kabla ya familia zao kuhamishiwa Marekani, na wengine waliingia kwa mpango wa MAVNI wa kuandikisha wageni wenye lugha au ujuzi uliohitajika, ulioanza 2009, ambao Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zake. Anayerudi nyumbani hurudi na karatasi moja inayobeba utumishi wake wote: DD 214, hati ya kuachishwa jeshini. Kisanduku cha 13 ndicho chenye orodha ya medali, tepe, beji na tuzo za kikosi. Kikiwa na pengo, usianze na fomu. Anza kwa kujua pengo hilo ni la aina gani, kwa sababu kila aina ina mlango wake, na anayebisha mlango usio wake husubiri miezi kadhaa ndipo arudishwe mwanzo.

Aina ya kwanza ndiyo nyepesi: medali ilitolewa, amri ya kuitunuku ipo kwenye jalada, ila karani hakuichapa na wewe ukasaini bila kusoma. Siku ya kuondoka jeshini kila mtu ana haraka.

Aina ya pili ni medali zinazotokana na mahali ulipokuwa na muda uliokaa. Medali ya kampeni ya Afghanistan au ya Iraq huhitaji siku 30 mfululizo, au 60 zisizofuatana, ndani ya eneo husika. National Defense Service Medal humhusu aliyekuwa kazini wakati wowote kati ya 11 Septemba 2001 na 31 Desemba 2022. Hapa utakachothibitisha ni uwepo wako tu. Humu pia zimo tuzo za kikosi kizima, na hizi ndizo hupotea kuliko zote: amri yake huweza kutoka mwaka mmoja baada ya wewe kuondoka, wakati DD 214 yako ilikwisha kufungwa. Nyota ndogo za shaba zinazobandikwa juu ya utepe wa kampeni nazo husahaulika sana. Kila awamu ya kampeni uliyoshiriki ina nyota yake, kwa hiyo medali inaweza kuwa imeandikwa na bado isiwe kamili.

Aina ya tatu si kosa la rekodi hata kidogo. Kamanda alisema atakupendekeza, hakukupendekeza, au pendekezo likakwama. Hakuna cha kusahihisha, kwa sababu hakuna kilichotolewa. Njia yake ni pendekezo jipya lililochelewa, ambalo sheria ya Marekani (10 U.S.C. 1130) inalipitisha kwa mbunge wa Congress, nalo huhitaji maneno ya kiongozi aliyeshuhudia tendo lenyewe. Ni safari ndefu. Usiichanganye na hizo mbili nyingine kwenye barua moja.

Jalada kwanza

Omba jalada lako zima kwa fomu SF 180 au kwa mfumo wa mtandaoni wa eVetRecs. Kwa waliokwisha kuondoka jeshini, maombi mengi hupitia National Personnel Records Center, kituo cha kuhifadhi rekodi za utumishi kilichoko Saint Louis, Missouri. Andika wazi kwamba unataka jalada kamili la utumishi, si DD 214 peke yake, la sivyo utaletewa karatasi ileile uliyonayo. Mfumo wa mtandaoni ukikutaka uthibitishe utambulisho na namba yako ya +255 ikakwama, usipoteze wiki nzima hapo: chapa SF 180, isaini kwa kalamu, uitume. Jedwali lililo mwishoni mwa fomu linaonyesha pa kuipeleka kwa kila tawi la jeshi na kila kipindi.

Mambo yanayorudisha fomu za kutoka huku ni machache na yanajirudia. La kwanza ni majina. Waliopitia kambini mara nyingi majina yao yalipinduliwa au yakaandikwa kwa herufi nyingine, kisha NIDA ikaja na yake. Kwenye fomu andika jina kama lilivyo jeshini, hata kama si hilo unaloitwa Mwanga au Ujiji. Tarehe ya kuzaliwa vilevile: wengi waliandikishwa tarehe 1 Januari kwa sababu siku halisi haikujulikana, basi ndiyo hiyo utakayoandika. Kama ulibadilisha jina baadaye, ambatisha hati ya kiapo kutoka kwa wakili, iliyoandikwa kwa Kiingereza. La pili ni mpangilio wa tarehe. Wamarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 5 Machi ukiiandika kwa mazoea ya huku itasomeka 3 Mei. La tatu linachekesha hadi likupate: fomu zao zimepangwa kwa karatasi pana na fupi kuliko A4. Mwambie wa steshenari achague kutoshea ukurasa wakati wa kuchapa, vinginevyo ukingo hukatwa na mstari wa mwisho hupotea.

Namba yako ya hifadhi ya jamii ya Marekani imo kwenye karatasi hizi zote. Ukimaliza kuskani, futa faili kwenye kompyuta ya steshenari na kwenye kapu la taka la kompyuta hiyo, na usiitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Kwa waliotumikia zamani kuna shida nyingine. Moto wa 12 Julai 1973 pale Saint Louis uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18, yakiwamo kama asilimia 80 ya majalada ya askari wa nchi kavu waliotoka kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Katika hali hiyo rekodi hujengwa upya kwa karatasi za mishahara, za hospitali na za kikosi. Jibu la kwamba jalada liliungua halimaanishi kwamba dai limekufa.

Ushahidi wenye uzito

Jalada likifika, pitia karatasi moja moja ukitafuta amri za kutunuku. Kwa jeshi la nchi kavu tafuta fomu DA 638, ambayo ndiyo pendekezo la tuzo, na uangalie sehemu ya mwisho: kama ina saini ya mwenye mamlaka ya kuidhinisha pamoja na namba ya amri, una kila kitu. Ikiwa imeishia kwa aliyependekeza, umo kwenye aina ya tatu.

Kwa medali za kampeni, karatasi nzuri kuliko picha za jangwani ni stakabadhi za mshahara za miezi hiyo. Zinaonyesha malipo ya eneo la hatari na msamaha wa kodi wa eneo la vita, mwezi kwa mwezi. Fomu ya madai ya safari, DD 1351-2, hutoa tarehe za kuingia na kutoka, nazo ndizo zinazohesabu zile siku 30. Kwa tuzo ya kikosi, weka amri ya jumla iliyotoa tuzo pamoja na karatasi inayoonyesha kwamba ulikuwa kwenye kikosi hicho katika tarehe hizo. Purple Heart, medali ya waliojeruhiwa vitani, inadai zaidi: jeraha liwe limetokana na adui, na liwe limetibiwa, kukiwa na kumbukumbu ya matibabu hayo. Kovu peke yake halitoshi.

Mashahidi husaidia wakiandika walichokiona wenyewe, wakitaja kikosi, mahali na tarehe. Barua ya kusema fulani alikuwa askari hodari ni ya heshima, lakini haiongezi kitu.

Angalia pia tarehe ya DD 214 yenyewe. Ni picha ya utumishi hadi siku ya kuachishwa. Kama ulirudi kazini baadaye kama askari wa akiba na medali ukaipata huko, haiwezi kuongezwa kwenye karatasi ya zamani. Dai DD 214 ya kipindi cha pili.

Kupeleka ombi

Andika barua ya ukurasa mmoja, usizidi. Taja kila medali kwa jina lake kamili la Kiingereza, na mbele yake taja kielelezo kinachoithibitisha. Vielelezo vipe namba. Tuma nakala, kamwe usitume karatasi halisi. Ombi huanzia kwenye tawi lako: jeshi la nchi kavu lina ofisi yake ya utumishi Fort Knox, Kentucky, la anga liko San Antonio, Texas, la majini Millington, Tennessee. Wakikubali hawakupi DD 214 mpya. Hutoa DD 215, karatasi ya masahihisho inayokaa pamoja na ile ya awali.

Wakikataa, ndipo inapofika zamu ya bodi ya marekebisho ya rekodi za jeshi, kwa fomu DD 149, ambayo haina ada. Muda ni miaka 3 tangu ulipogundua kosa, ingawa bodi inaweza kuusamehe kwa maslahi ya haki. Eleza kwenye fomu kwa nini umechelewa. Bodi haikutafutii ushahidi, inapima ulioleta. Ukiiendea kabla ya tawi lako kukujibu, itakurudisha, basi ambatisha barua ile ya kukataliwa.

Askari aliye hai huomba mwenyewe, au humpa ndugu idhini iliyosainiwa. Akiwa amefariki, kwa rekodi hizi Saint Louis humtambua mjane au mgane ambaye hajaoa au kuolewa tena, mtoto, mzazi, kaka na dada. Baba mdogo, mjomba na mpwa hawamo, hata kama ndio waliomlea au waliomzika. Familia imchague mtu aliye kwenye orodha, na aambatishe cheti cha kifo.

Anwani ya kupokelea ndiyo mtego wa mwisho. Ukiwa na jamaa wa kuaminika Marekani, tumia anwani yake, naye akuletee kwa mkono au kwa EMS. Ukitumia ya huku, weka sanduku la posta lililolipiwa, namba ya simu na neno Tanzania kwa herufi kubwa. DD 215 ikifika, isome siku hiyohiyo: herufi za jina, namba, kila medali na nyota zake. Kosa jipya ndani ya karatasi ya masahihisho hutokea, na ni rahisi kulirudisha wakati barua yao bado ni mpya.