Simu yako imsaidie mtoto kusoma

Kwanza usimwachie tu simu ukaenda kukaanga mihogo, ukirudi yuko kwenye katuni za kufukuzana na bando la wiki kwisha habari yake. Kitu cha kufanya, ukiwa kwenye waifai ya kazini ingia maktaba mtandao ya TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, vitabu vya kiada vimo humo, kinachopakulika kipakue, ukifika zako Mbagala mnafungua pamoja. Mdogo muwekee Akili and Me, mkubwa kidogo Ubongo Kids, zote ni katuni za kufundisha, zinatengenezwa hapahapa Dar na Kiswahili kipo. Ila kaa naye! Simamisha video katikati, muulize, "haya, hapo kafanyaje?" Akikwama rudisheni nyuma. Hesabu malizieni na chenji ya daladala, simu weka chaji.