Mapigo Yanaposhuka Ghafla Daktari Akiinua Mfupa wa Shavu: Hatua za Mtoa Usingizi

Juzi nilikuwa namsimamia kijana wetu mpya kwenye kesi ya ajali ya bodaboda. Mfupa wa shavu umebonyea, daktari kapitisha chuma kwenye mkato mdogo juu ya sikio, akainua. Mapigo yakatoka 82 hadi 38 kwa pumzi mbili. Kijana mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye atropini, dawa ya kupandisha mapigo, kabla ya kumwambia daktari aachie. Ndiyo maana naandika.

Kwa ufupi: neva ya trijemina hubeba hisia za uso, meno, macho na utando unaofunika ubongo. Ikivutwa au kubanwa ghafla, taarifa inafika kwenye shina la ubongo, inarukia neva ya vagasi, na vagasi inaukanyagia moyo breki. Mapigo na presha vinashuka pamoja, na mgonjwa anayejipumulia anaweza kuacha kupumua. Wengi wetu tunahesabu kuwa ni tukio mapigo yakifika asilimia 20 chini ya alipoanzia mgonjwa. Kwa upande wa jicho jambo hili linajulikana tangu 1908, Aschner na Dagnini walipolieleza.

Hatua ya 1: Mjue mgonjwa kabla hajalala

Uliza dawa za presha, hasa zinazopunguza mapigo kama atenololi na propranololi. Watoto wako kwenye hatari zaidi, na upasuaji wa makengeza ndio unaoongoza. Mtoto aliyepigwa jichoni, anatapika na mapigo yako chini, usikimbilie kusema ni ubongo tu: msuli wa jicho unaweza kuwa umenaswa kwenye sakafu ya tundu la jicho iliyovunjika, hata kama jicho kwa nje ni jeupe kabisa.

Hatua ya 2: Vuta atropini kwenye sindano mapema

Soma kichupa. Kipo cha mg 1 na kipo cha mg 0.6. Cha mg 1 ongeza maji hadi ml 10, cha 0.6 hadi ml 6. Vyote vinakupa mg 0.1 kwa kila ml. Mtoto wa kilo 15, kwa mikrogramu 20 kwa kilo, anapata ml 3. Mtu mzima ml 5. Bandika lebo. Kumpa kila mtu mzima atropini kabla ya kuanza siungi mkono: haikuhakikishii kinga, na mzee mwenye ugonjwa wa moyo hahitaji mapigo 130.

Hatua ya 3: Washa sauti ya mashine ya mapigo

Kuna madaktari wanaolalamika kelele. Washa, usikie mapigo yakishuka.

Hatua ya 4: Usingizi wa kutosha, hewa ya kutosha

Usingizi mwepesi, oksijeni kushuka na kabonidioksidi kupanda, vyote vinaualika mwitikio huu. Fentanili nyingi, dawa kali ya maumivu, nayo inausaidia mwitikio kutokea. Kwa gesi ya usingizi, nikiwa na hiari nachukua isofluraini. Halotheni yenyewe inapunguza mapigo, na daktari akidunga lignokeini (dawa ya ganzi) yenye adrenalini unaweza kupata mapigo ya ovyo juu yake.

Mwombe daktari apige ganzi kwenye neva husika hata kama mgonjwa amelala. Kwa shavu, ml 2 za lignokeini ya asilimia 2 chini ya ukingo wa jicho zinasaidia sana. Adunge taratibu, maana sindano yenyewe, hasa ya nyuma ya jicho, inaweza kuamsha kile unachokizuia.

Hatua ya 5: Mapigo yameshuka

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kitu cha kwanza ni mdomo: "Dokta, achia." Kwa sauti, bila kuomba radhi, na hakikisha ameachia kweli. Kupunguza nguvu huku chuma kiko palepale si kuachia. Vidole vyake vikiwa vimelalia jicho, avitoe. Mkubaliane neno hilo kabla ya kuanza, kwa sababu daktari akikaribia kusikia mfupa ukikaa mahali pake hataki kusikia kitu kingine.

Mara nyingi mapigo yanarudi ndani ya sekunde chache bila dawa yoyote. Ukidunga atropini huku chuma bado kinavuta, unapambana na kichocheo kinachoendelea. Kikitolewa, mapigo yanapaa, na jeraha linavuja damu zaidi.

Wakati unasubiri, usimtazame daktari, tazama bomba la kupumulia. Kichwa kimegeuzwa, bomba linaweza kuwa limejikunja au limetoka, na moyo wa mtoto aliyekosa oksijeni unapungua mwendo vilevile. Sikiliza kifua, angalia kabonidioksidi kama mashine yako inapima. Kisha pima presha. Mapigo chini na presha chini, endelea na njia hii. Mapigo chini lakini presha imepanda kwa mtu aliyeanguka na bodaboda, fikiria ubongo uliobanwa. Hiyo ni habari nyingine kabisa.

Yakirudi, ongeza usingizi, ganzi irudiwe kama kipimo kinaruhusu, daktari aanze tena polepole. Mara nyingi mvuto wa pili au wa tatu unaleta mshuko mdogo zaidi, ila usiutegemee. Yakishuka tena vibaya, au hayarudi baada ya kuachia, sasa atropini. Presha isipopanda pamoja na mapigo, ongeza maji na dawa ya kukaza mishipa. Moyo ukisimama, anza kukandamiza kifua na toa adrenalini kama kwa moyo mwingine wowote uliosimama.

Andika muda na kilichokuwa kinavutwa.

Hatua ya 6: Chumba cha kuamkia

Mwambie muuguzi kilichotokea. Bandeji ya jicho iliyokazwa mno, pamba za puani au damu inayojikusanya nyuma ya jicho vinaweza kuleta hali ileile wewe ukiwa umeshaanza kesi inayofuata. Mapigo yakishuka huko, alegeze bandeji kwanza, halafu akuite. Jicho likiwa limetokeza na gumu, amwite na daktari wa upasuaji papo hapo, kwa sababu uwezo wa kuona nao uko hatarini.