Jinsi ya Kufunga Taa ya UV Katika Tangi la Samaki Nyumbani, na Kupima Kasi ya Maji Yake

Mwongozo huu umetokana na kazi niliyomsaidia jirani yangu wa mtaa wa Milimani, Kisumu, ambaye maji ya tangi lake yalikuwa yamegeuka kijani hata samaki wakawa hawaonekani. Taa ya UV, yaani ya mionzi isiyoonekana inayoua vijidudu, alikuwa amekwisha kuinunua na kuifunga mahali pazuri, na balbu ilikuwa ikiwaka, lakini wiki zilipita bila maji kusafika. Kasoro ilikuwa katika kasi ya maji yaliyopita ndani ya taa, jambo ambalo maelezo ya kwenye kisanduku huligusa kwa mstari mmoja tu.

Hatua ya 1: Thibitisha kwamba tatizo lako linatibika kwa mionzi

Teka maji ya tangi katika glasi safi, uyatazame mbele ya karatasi nyeupe, kisha uyaache yatulie usiku kucha. Yakibaki kijani, una mwani mdogo unaoelea, na hapo ndipo taa ya UV hufanya kazi yake vizuri zaidi. Ukungu mweupe usiotuama mara nyingi ni bakteria walioongezeka kwa sababu ya chakula kilichozidi au kichujio kichanga. Taa itawapunguza, lakini chanzo kitabaki palepale. Tope likituama chini ya glasi, nunua sponji nzuri, usinunue taa. Mwani uliojishikiza kwenye kioo na mawe hauguswi kabisa, kwa kuwa mionzi huua kile tu kinachobebwa na maji hadi mbele ya balbu.

Tangi likiwa karibu na dirisha linalopigwa na jua, lihamishe kwanza. Mionzi inayoua vijidudu, yenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 254, haitufikii kutoka kwenye jua kwa sababu anga la juu huimeza yote, kwa hiyo jua la Kisumu litaulisha tu mwani wako.

Hatua ya 2: Chagua taa

Nunua ile ya kufungwa nje ya tangi, yenye mwili wa plastiki usiopitisha mwanga, ambamo maji huzunguka mrija wa kioo cha kwatsi na balbu hukaa ndani ya mrija huo pasipo kulowa. Kioo cha kwatsi ni lazima, kwa kuwa kioo cha kawaida huizuia mionzi hii. Zile za kutumbukizwa ndani ya tangi ni rahisi kufunga, lakini nyingi huvujisha mwanga kwenye mianya, na mimi sizipendekezi kwa nyumba yenye watoto. Vitaa vya LED vyenye mwanga wa zambarau vinavyouzwa kwa bei ya chini kwa jina la UV achana navyo: mwanga wake kwa kawaida uko karibu na nanomita 395, mbali sana na ule unaoharibu DNA ya vijidudu.

Usiitazame balbu inayowaka, hata kwa mara moja ya kuhakikisha kwamba inafanya kazi. Mionzi hii huunguza macho na ngozi bila kukupa joto la kukuonya, na maumivu huanza saa kadhaa baadaye, macho yakikuwasha kama yaliyoingia mchanga. Taa nzuri ina kidirisha kidogo cha plastiki kinachong'aa samawati, hicho kinatosha.

Hatua ya 3: Panga njia ya maji

Maji yapite kwenye sponji kwanza, kisha kwenye taa, ndipo yarudi tangini. Yakifika kwenye balbu na uchafu, chembe za uchafu huwa kivuli ambacho vijidudu hujificha nyuma yake. Vilevile, maji yaliyopakwa rangi ya kahawia na vipande vya mbao huimeza mionzi kabla haijafika mbali, basi badilisha sehemu ya maji hayo kabla ya kuanza.

Watu wengi huiunganisha taa kwenye bomba la kichujio kikubwa. Mimi huipa taa pampu yake ndogo, yenye sponji mdomoni, na sijaona sababu ya kubadilisha utaratibu huo. Kichujio kikubwa kinahitaji maji yaende kasi, taa inahitaji maji yaende taratibu, na kuvilazimisha vitu hivi viwili kushiriki bomba moja ni kuvinyima vyote haki yake. Isitoshe, kichujio kinapojaa uchafu kasi hubadilika kila wiki, nawe hutajua taa inapata nini.

Hatua ya 4: Pima kasi ya maji kwa ndoo

Nguvu ya taa hii kwa kijidudu hutegemea mambo mawili: ukali wa mionzi, na muda ambao kijidudu kinakaa mbele yake. Ukali huwezi kuubadilisha baada ya kununua. Muda unao mkononi mwako, kwa sababu ukipunguza kasi ya maji kwa nusu, kila tone linakaa mbele ya balbu mara mbili ya muda wa awali na kupata kipimo mara mbili.

Sasa, namba iliyoandikwa kwenye kisanduku cha pampu si kasi ya maji yako. Watengenezaji hupima pampu ikiwa haina kimo cha kupandisha wala bomba refu la kusukumia. Ukiiweka chini ya meza ipandishe maji hadi juu ya tangi, ukapinda bomba mara mbili na kuongeza sponji, kiasi kinachotoka hupungua sana. Kwa upande mwingine, aliyeinunua pampu kubwa kwa kudhani kwamba maji mengi ni dawa zaidi huishia kuyapitisha kwa kasi inayomwacha mwani hai, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa jirani yangu.

Fanya hivi. Funga kila kitu kama kitakavyokaa siku zote, balbu ikiwa imezimwa. Shika mdomo wa bomba la kurudishia maji katika kimo kilekile utakachouacha, uelekeze kwenye ndoo yenye alama ya lita 10, na uhesabu sekunde kwa simu hadi ndoo ifike alama hiyo. Gawanya 36,000 kwa sekunde ulizopata. Jibu ni lita kwa saa. Sekunde 72 ni lita 500 kwa saa, na sekunde 120 ni lita 300. Usiishushe ndoo sakafuni huku bomba likining'inia, kwa maana maji yanayoshuka huvutwa na uzito wake na utapata kasi ya uongo. Tangi likiwa dogo, yarudishe maji ya ndoo kabla ya kupima mara ya pili, kwa kuwa kina kikipungua, kimo cha kupandisha kinaongezeka.

Ukilipata jibu hilo, lilinganishe na jedwali la taa yako. Taa zenye maelezo ya kuaminika huonyesha kasi mbili: kubwa kwa ajili ya mwani, na ndogo zaidi kwa ajili ya vimelea, kwa sababu protozoa, yaani vimelea vidogo vya seli moja, huhitaji kipimo kikubwa mara kadhaa kuliko mwani. Ikiwepo namba moja tu, ichukulie kuwa ni ya mwani. Punguza kasi kwa valvu iliyowekwa upande wa kutokea pampu, kamwe si upande wa kuvutia, na upime tena kwa ndoo baada ya kila marekebisho.

Usipunguze hata maji yakawa yanadondoka. Maji yaliyotibiwa hurudi na kuchanganyika na yasiyotibiwa, kwa hiyo tangi la lita 180 likipitisha lita 180 halijatibiwa lote: zaidi kidogo ya theluthi moja ya maji huwa hayajapita hata mara moja. Baada ya mizunguko mitatu hubaki takriban asilimia 5. Mwani nao unaendelea kuzaana wakati huo wote. Kwa maji ya kijani mimi hutumia kasi kubwa inayoruhusiwa na jedwali, bila kuizidi. Kwa vimelea hutumia ile ndogo na kuiacha taa ikiwaka mchana na usiku.

Rudia kipimo cha ndoo kila unaposafisha sponji, na pia kabla ya kuisafisha, ili ujue kasi hushuka hadi wapi.

Hatua ya 5: Washa

Anzisha pampu kwanza, hakikisha hewa yote imetoka na hakuna panapovuja, kisha washa balbu. Baada ya hapo pampu na taa zitumie swichi moja, ili balbu isibaki ikiwaka katika maji yaliyosimama na kuyapasha moto. Waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda tena kwenye plagi, ili tone likifuata waya lidondokee sakafuni. Huku kwetu stima hupotea na kurudi kwa kishindo, nami huunganisha kila kitu kwenye kifaa kile ambacho watu huwekea friji, kinachosubiri dakika chache umeme utulie. Kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara hufupisha maisha ya balbu.

Hatua ya 6: Siku za kwanza

Mwani ukifa kwa wingi huoza, huku ukitumia oksijeni na kuongeza amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Hili ni zito zaidi Kisumu kuliko Nakuru, kwa sababu maji ya joto hushika oksijeni kidogo. Ongeza pampu ya hewa, suuza sponji kila siku kwa maji ya tangi, na upunguze chakula. Bakteria wazuri wanaovunja amonia huishi wakiwa wamejishikiza kwenye changarawe na sponji, hivyo taa haiwamalizi; ila ukimimina bakteria wa chupa, au dawa ya samaki, zima balbu, maana mionzi huwaua hao wanaoelea na huharibu baadhi ya dawa.

Kuhusu ugonjwa wa madoa meupe, taa husaidia kuzuia kuenea, haiponyi samaki aliye nao. Kimelea kikiwa chini ya ngozi ya samaki, au kimejifungia kwenye changarawe kikigawanyika, hakifikiwi. Hukutana na mionzi kinapotoka na kuogelea kutafuta samaki mwingine, tena kama pampu itakivuta kabla hakijafika. Kwa hiyo anayeleta fulu kutoka ziwani, au samaki yeyote mgeni, bado anapaswa kumtenga katika tangi lingine kwanza.

Hatua ya 7: Mrija na balbu

Birika lako likiota ukoko mweupe, mrija wa kwatsi utaota pia. Chomoa umeme, toa mrija, uloweke katika siki nyeupe, kisha uufute kwa kitambaa laini, usiukwaruze. Ute wa kahawia huondoka kwa njia hiyohiyo.

Balbu nyingi hukadiriwa kufanya kazi saa 8,000 hadi 9,000, na mwaka una saa 8,760. Itaendelea kung'aa samawati baada ya hapo, lakini mwanga huo unaoonekana sio unaoua, na ule unaoua utakuwa umefifia. Andika tarehe ya kuifunga kwenye plasta na uibandike juu ya taa. Ya zamani ina zebaki ndani, basi usiitupe jaani wala kuichoma. Irudishe katika kisanduku chake na uipeleke kwa wanaopokea taka za elektroniki. Ikivunjika ndani ya nyumba, fungua madirisha, watoe watoto, uokote vipande kwa kadi ngumu na umalizie kwa utepe wa gundi, bila kutumia ufagio.