Una betri ya moyo na umeandikiwa MRI? Fanya haya kabla hujalala kwenye mashine

Mtu akishawekewa pesimeka (wengi tunaiita betri ya moyo) au ICD, ile inayoupiga moyo shoti ukianza kwenda mbio vibaya, kuna kauli ataisikia mpaka aizoee: wewe MRI (ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) sahau. Zamani ilikuwa hivyo kweli. Siku hizi wengi wanapimwa na wanarudi nyumbani wazima, ila sio kwamba unajiendea tu na fomu yako mkononi kama mtu anayeenda kupima presha.

Tuanze na kinachoogopwa, maana watu wanadhani sumaku itaichomoa betri kifuani. Sio hiyo. Za kisasa zina chuma kidogo sana cha kuvutwa. Tatizo kubwa ni waya zinazotoka kwenye betri kuingia ndani ya moyo, zinageuka kama antena, zinadaka mawimbi ya redio ya mashine na ncha inaweza kupata joto palepale ilipogusa nyama ya moyo. Halafu kuna kudanganyika: zile kelele za umeme zinaweza kuifanya pesimeka idhani moyo unapiga wenyewe, inanyamaza, na kama moyo wako unaitegemea kwa kila pigo hapo ndio balaa. ICD nayo inaweza kudhani moyo umechachamaa ikajiandaa kupiga shoti bila sababu. Pia kifaa kinaweza kujirisiti, kikarudi kwenye setingi za dharura.

Sasa cha kufanya. Tafuta ile kadi uliyopewa siku ya kuwekewa kifaa, ipige picha ikae kwenye simu. Ina jina la kampuni, modeli na tarehe. Ukiona imeandikwa MR Conditional maana yake salama kwa masharti, na hayo masharti ndio kila kitu: nguvu ya sumaku (kawaida tesla 1.5, baadhi ya vifaa vinaruhusu mpaka 3), sehemu ya mwili inayopigwa picha, na namna kifaa kinavyotegeshwa kabla. Marekani pesimeka ya kwanza ya aina hii iliidhinishwa 2011, ICD zikafuata 2015, kwa hiyo kama yako ni ya kabla ya hapo usitegemee sana kuikuta na maandishi hayo.

Hapa ndipo watu wengi wanateleza, naomba upasome taratibu. Kadi inayosema betri ni salama kwa masharti haitoshi, kinachoangaliwa ni betri PAMOJA na waya zake. Betri ikichoka inabadilishwa lakini waya za zamani mara nyingi zinabaki zilezile, kwa hiyo unaweza kuwa na boksi jipya la kisasa limeungwa kwenye waya wa miaka ya nyuma, au boksi la kampuni hii na waya wa kampuni ile, na hapo hadhi ya masharti inapotea. Mbaya zaidi ni waya uliokatika au ulioachwa ndani bila kuunganishwa na kitu. Wewe unaweza usijue kabisa kama unao, eksirei ya kifua inauonyesha. Basi uliza hivi hivi: nina waya ulioachwa ndani? Na kama umewekewa waya mpya chini ya wiki 6 zilizopita, wengi watakuambia usubiri kidonda na waya vishike kwanza, labda iwe dharura.

Ukiambiwa kifaa chako hakina hiyo hadhi usikate tamaa. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa skani 1500 za watu wenye pesimeka na ICD zisizo na hadhi hiyo, sumaku ya tesla 1.5, skani zote sio za kifua. Hakuna aliyefariki wakati wa skani, hakuna waya ulioharibika. ICD moja tu ilibidi ibadilishwe, na sababu yake hiyo moja ndio inanifanya niandike haya yote: haikutegeshwa inavyotakiwa kabla ya kuingia. Lakini usiende kituo kisicho na utaratibu wa kukitegesha kifaa kabla ya skani, na uliza pia kama CT (skani ya eksirei) au ultrasaundi inaweza kujibu swali lilelile la daktari.

Siku yenyewe lazima awepo mtu mwenye mashine ya kuprogramu kifaa chako. Asipokuwepo, ahirisha, hata kama umekaa foleni tangu asubuhi. Atakipima kwanza. Kama moyo unategemea pesimeka ataiweka ipige kwa mwendo mmoja bila kusikiliza chochote, kama ni ICD atazima shoti, na ndio maana wakati huo unatakiwa kuangaliwa mapigo muda wote, kibanio cha oksijeni kidoleni, na mashine ya nje ya kushtua moyo iwe karibu. Utapewa kimpira cha kubonyeza. Joto dogo mwilini ni kawaida, ila ukihisi kuungua kifuani, maumivu, kizunguzungu au moyo kuruka ruka, bonyeza, usione aibu kwamba utaharibu picha.

Ukitoka usikimbilie nguo. Kifaa kinapimwa tena na kurudishwa kwenye setingi zako za mwanzo, baadhi ya modeli mpya zinajirudisha zenyewe baada ya muda uliopangwa lakini zipimwe tu. ICD iliyosahaulika ikiwa imezimwa haiumi wala hailii kila mara, unatembea nayo mtaani ukidhani unalindwa. Kwa hiyo kabla hujavaa viatu muulize aliyeiprogramu, mdomo kwa mdomo, shoti zimewashwa? Na aandike kwenye ripoti, na saa aliyowasha.