Tezi Dume Ikiwa Kubwa Mno: Namna ya Kuchagua Matibabu

Mwanamume anayeambiwa kwamba tezi dume yake imefika mililita 120, ilhali ya kijana mwenye afya hukaribia 20 hadi 25, mara nyingi hutoka kwa daktari akiwa na namba hiyo tu kichwani. Namba hiyo ina kazi yake, lakini husaidia zaidi kuchagua aina ya upasuaji kuliko kuamua iwapo upasuaji unahitajika, kwa kuwa wako wenye tezi kubwa sana wanaokojoa bila taabu, na wako wenye tezi ya mililita 40 ambao mkojo wao umeziba kabisa.

Anza kwa kujua hali ya kibofu na figo. Ultrasaundi ioneshe ukubwa wa tezi, kiasi cha mkojo kinachobaki kibofuni baada ya kukojoa, na kama figo zimetanuka kwa sababu ya mkojo kutopita vizuri. Damu ipimwe ili kujua utendaji wa figo, na mkojo upimwe kuangalia maambukizi. Kipimo cha PSA, yaani protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, kikiwa juu si lazima iwe saratani, maana tezi kubwa huzalisha PSA nyingi, lakini shaka hiyo iondolewe kwanza, hata ikibidi kupigwa picha ya MRI au kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama ya tezi ili kipimwe, kwa sababu matibabu ya saratani hufuata njia nyingine.

Kabla ya kumwona daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, weka kumbukumbu ya siku 3. Kojolea kwenye kikombe chenye alama za mililita, kisha uandike saa na kiasi, mchana na usiku. Tuseme mtu anaamka saa tano, saa nane na saa kumi usiku, na kila mara anatoa mililita 80 tu: huyo huenda kibofu chake hakimalizi mkojo, au kinabana kabla ya kujaa. Mwingine anaamka saa zilezile lakini anatoa mililita 400 kila mara. Mwili wake unatengeneza mkojo mwingi usiku, na kuondoa tezi hakutampunguzia sana safari za msalani. Kwa maoni yangu, karatasi hiyo moja yaweza kumwepusha mtu na upasuaji usiomhusu.

Yapo mambo yanayofanya upasuaji uwe njia inayopendekezwa zaidi: mkojo kuziba tena baada ya kutolewa mpira uliowekwa kupitishia mkojo, figo kudhoofika kwa sababu ya kuziba huko, mawe kibofuni, maambukizi yanayojirudia, au damu kwenye mkojo isiyokoma kwa dawa. Mzee anayeanza kujikojolea usingizini apimwe mapema, kwani kibofu chake huenda kimejaa kupita kiasi bila maumivu. Asiyeweza kukojoa kabisa aende hospitali saa hiyohiyo.

Yasipokuwepo hayo, dawa zina nafasi yake. Tamsulosini na za jamii yake hulegeza misuli ya tezi na ya shingo ya kibofu, na nafuu huonekana ndani ya siku au wiki chache, ingawa hazipunguzi ukubwa. Zaweza kuleta kizunguzungu unaposimama, na daktari wa macho aambiwe kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Finasteridi na dutasteridi hupunguza tezi kwa takribani robo, lakini huchukua miezi 6 hadi mwaka. Hivyo tezi ya mililita 120 itabaki karibu 90, ambayo bado ni kubwa. Dawa hizi zaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, na hushusha PSA hadi karibu nusu, jambo ambalo kila anayesoma majibu yako anapaswa kulijua.

Kwenye upasuaji ndipo ukubwa unapoamua. Ule wa kawaida wa kukwangua tezi kupitia mrija wa mkojo hufaa zaidi tezi isiyozidi mililita 80 hivi, kwani kubwa kuliko hapo huongeza muda na damu inayopotea. Njia ndogo za kuchoma tezi kwa mvuke au kuibana kando kwa vibanio nazo kwa kawaida hazikukusudiwa tezi kubwa mno. Kwa tezi kama hiyo, sehemu ya ndani hutolewa nzima kama nyama ya chungwa ikiachwa ganda lake. Kazi hiyo hufanywa kwa kupasua chini ya kitovu, njia ya zamani yenye nafuu ya kudumu lakini yenye kutoka damu zaidi na kulazwa siku kadhaa. Au kwa leza kupitia mrija wa mkojo, bila kidonda cha nje na mpira ukitolewa mapema, ingawa baadhi huvuja mkojo wanapokohoa kwa wiki au miezi ya mwanzo. Leza huhitaji mikono iliyozoea, hivyo muulize daktari ameshafanya tezi ngapi za ukubwa wako; kwangu mimi, daktari aliyebobea katika upasuaji wa wazi ni bora kuliko anayejifunza leza. Uliza pia kuhusu mbegu: baada ya njia zote mbili wengi humwaga kuelekea kibofuni, hata nguvu za kiume zikibaki.

Asiyeweza kuhimili upasuaji aweza kuzibiwa mishipa ya damu inayolisha tezi, kwa ganzi ya sehemu, lakini nafuu huja polepole na kwa kawaida ni ndogo kuliko ya upasuaji. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache mwenyewe. Daktari ndiye atakayepanga.

Nyama iliyotolewa hupelekwa maabara, na majibu yake uyafuatilie. Kwa kuwa sehemu ya nje ya tezi hubaki mwilini na saratani yaweza kuota humo, kubaliana na daktari kuhusu kuendelea kupima PSA hata baada ya kupona.