Kabla hujafunga trela nyuma ya gari, fungua habu

Gari likiumwa linakuambia. Usukani unatetemeka, breki zinalia, unasikia kabisa kuna kitu. Trela la safari, ile nyumba ya kulala inayokokotwa, liko nyuma yako, vioo umepandisha, redio inaimba, nalo linaweza kusaga beringi zake kilomita nyingi bila wewe kuhisi lolote. Kwa hiyo ukaguzi wake hufanywa likiwa limesimama nyumbani, siku kadhaa kabla. Si asubuhi ya safari, watoto wameshapanda na kila mtu anauliza tunaondoka saa ngapi.

Upepo kwanza. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi, kabla hayajazunguka wala kupigwa jua. Matairi ya trela hujazwa upepo mwingi kuliko ya gari dogo, mengi 50, 65 au 80 psi. Soma kibandiko cha trela na ubavu wa tairi, ununue geji yako mwenyewe. Kulipiga tairi teke si kipimo. Ukisimama njiani ukakuta presha imepanda, iache, ni joto hilo. Ukiipunguza, kesho asubuhi tairi litakuwa na upepo pungufu, na upepo pungufu ndio unaopasua: ubavu unajikunja kila mzunguko, joto linapanda, nyuzi za ndani zinaachana.

Umri wa tairi. Hapa wengi hujidanganya, kwa sababu trela hukaa kuliko linavyotembea na tairi huzeeka kashata (meno yake) zikiwa bado nzima. Tafuta ubavuni herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba kamili mara nyingi iko upande mmoja tu, na kwa uzoefu wangu huwa ule wa ndani, kwa hiyo lala chini na tochi. Mimi miaka sita ikifika nabadilisha. Nyufa ubavuni au kivimbe, unabadilisha leo. Spea nayo ina umri, tena imening'inia nyuma juani miaka yote hiyo, na ndiyo watu wasiyoikagua.

Mwendo: matairi mengi ya trela yenye alama ya ST (matairi maalumu ya trela), yasipoandikwa kasi nyingine ubavuni, mwisho wake ni maili 65 kwa saa, yaani kama kilomita 105. Gari kuwa na nguvu ya kukimbia zaidi hakuongezi kitu hapo.

Wili spana ya gari, je, inaingia kwenye nati za trela? Jaribu sasa. Jeki weka kwenye fremu au pale mtengenezaji alipoonyesha, usiweke katikati ya bomba la ekseli, litapinda. Nati kaza kwa kuvukanisha, kwa spana yenye kipimo, na kila gurudumu likitolewa rudia kukaza baada ya kilomita 16, kisha 40, kisha 80.

Sasa beringi, zinazokaa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kila gurudumu lina mbili: ndogo ya nje, kubwa ya ndani, na nyuma yake sili ya kuzuia grisi isitoke. Ushauri wa kawaida ni kufungua zote, kuosha, kukagua na kupaka grisi upya kila miezi 12 au kila kilomita 20,000 hivi, chochote kitakachotangulia. Niliujua huo ushauri. Sikuufuata, kwa sababu trela nililonunua mkononi mwa mtu lilikuja na maneno matamu: "Grisi mpya ndugu yangu, wiki iliyopita tu." Nikang'oa kofia ya habu moja, nikaona grisi ya bluu inang'aa, nikaridhika. Tena nikajiona mtu makini: nikaenda dukani, nikataja uzito wa ekseli, kilo 1,600 hivi, nikapewa beringi za akiba kutoka rafuni, nikazitupa kwenye droo.

Tulipotembea kama kilomita 200 tukasimama kunyoosha miguu. Mke wangu akasema anasikia harufu ya kitu kinaungua. Nikazunguka nikigusa kofia za habu. Tatu vuguvugu. Ya nne, kulia nyuma, kidole hakikukaa. Nikasema tutaangalia tukifika. Naam, nilisema hivyo. Haikupita robo saa nikaona moshi kwenye kioo cha pembeni.

Habu ilipotoka ndipo nilipoelewa yale maneno ya "wiki iliyopita tu". Beringi ya nje ilikuwa imepakwa kweli. Ya ndani, ile inayobeba mzigo mkubwa zaidi, ilikuwa kavu, rola zimegeuka bluu na baadhi zimelika bapa, sili imechanika. Mtu alibandika grisi mbele, pale mnunuzi anapotazama, akafunga kofia. Na habu ilipoanza kuyumba, ikavunja hata ile ya nje iliyokuwa nzima.

Nikaleta droo yangu. Beringi kubwa ikaingia vizuri. Ndogo ikakataa. Nikafuta chuma, nikaigeuza, nikaigonga kwa kipande cha ubao. Dereva wa lori aliyesimama kutusaidia akaniangalia kwa muda, kisha akaniambia taratibu, "Kaka, umesoma namba zake?"

Yangu iliandikwa L44643. Iliyotoka iliandikwa L44649. Zote mbili hukaa ndani ya kikombe kilekile (pete ya chuma inayoizunguka beringi), L44610, na ukizishika mkononi ni mapacha. Lakini tundu la moja ni milimita 25.4, la nyingine karibu 27. Milimita moja na nusu hiyo ilitulaza barabarani.

Basi, trela usilolijua historia yake, fungua habu zote kabla ya safari ya kwanza, na toa hadi beringi ya ndani. Andika namba iliyochongwa kwenye beringi yenyewe na kwenye sili, ipige picha. Nunua kwa namba hiyo, si kwa uzito wa ekseli wala kwa kumbukumbu. Kisha, kabla hujaiweka akiba, ivalishe kwenye ekseli kwa mkono wako uone inaingia. Funga pamoja na sili mpya, pini mpya, grisi na matambara.

Ukiwa umefungua, osha na kausha vizuri, wala usiizungushe kwa upepo wa kompresa. Bluu ni dalili ya moto, vishimo ni uchovu, madoa ya kutu ni maji. Ukibadilisha beringi, badilisha na kikombe chake. Grisi isukume kwa kiganja kutoka upande mpana mpaka itokeze upande wa pili. Kuipaka juu juu ni kazi bure. Usichanganye aina, nyingine hazipatani zikageuka uji. Habu zenye nipeli (chuchu ya kupampia grisi), pampu ya mkono, taratibu, huku gurudumu linazungushwa, maana ukipampu kwa nguvu grisi inapita sili na kwenda kulowesha breki. Nati ya kati kaza huku unazungusha habu ili beringi zikae, ilegeze, kisha irudishe kwa vidole tu na utie pini. Anayeikaza mpaka jasho limtoke anaichoma mwenyewe.

Njiani, kila mkisimama, gusa habu zote. Joto kidogo ni kawaida, breki zimefanya kazi. Tafuta ile inayotofautiana na wenzake, na ukiipata usiseme tutaangalia tukifika.

Lipime trela likiwa na mzigo wote, na ukumbuke lita moja ya maji ni kilo moja. Kama lina ekseli mbili na tairi moja limepasuka, jirani yake wa upande huohuo lilibeba uzito usio wake, kwa hiyo lichunguze kabla ya kuliamini tena. Likikaa miezi bila safari, lisogeze kidogo mara kwa mara na funika matairi yasipigwe jua. Angalia mnyororo wa usalama. Angalia taa za nyuma, mtu asimame nyuma kweli akuambie. Mtungi wa gesi ufungwe. Na milango ya makabati, ile ya juu hasa.